Hivi ni kweli kimbunga kimoja ndo kiliipa Pemba karafuu zote?

Mwana wa Igombe
Wakuu habari za jioni. Kuna mama mmoja anauza viungo pale Kirumba sokoni, Mpemba wa watu, yuko Mwanza tangu enzi za Mzee Mwinyi. Jana nimeenda kununua karafuu za pilau, mtoto wa dada anabatizwa Jumapili, nikamuuliza hizi za Unguja au za Pemba. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema "Unguja karafuu zao zililala chini siku moja, wala hazikuinuka tena." Nikamwambia mama nifafanulie, akaniambia 1872 upepo ulipiga Unguja ukang'oa mikarafuu na minazi, ukavunja na meli za Sultani bandarini, Pemba ukaipita pembeni, na ndo maana mpaka leo ukisema karafuu umesema Pemba.

Nimelala naliwaza hilo jambo. Mimi nimezaliwa kwenye mawe haya, upepo naujua wa ziwani tu. Maswali yangu: kwanza, ni kweli? Pili, kwa nini Zanzibar ipigwe mara hiyo moja tu kwenye historia yote? Tatu, kitu kama hicho kinaweza kutufikia sisi huku ziwani? Wajuvi karibuni.

Kaka Pansiansi
Siti ya mbele. Nimekuja na kahawa na kashata.

Dagaa Kavu
Ni kweli, ilikuwa enzi za Sultani Seyyid Said, yeye ndo alileta karafuu Zanzibar na upepo ukamkuta madarakani.

Mwalimu wa Nansio
Dagaa Kavu, nusu umepata. Seyyid Said alifariki 1856. Upepo ule ulipiga tarehe 15 Aprili 1872 na aliyekuwa kwenye kiti ni mtoto wake Barghash, hana hata miaka miwili tangu amrithi kaka yake Majid aliyefariki 1870. Na karafuu Said hakuzileta yeye, zilishaingia Unguja kabla hajahamishia makao yake kutoka Oman, wengi wanamtaja Mwarabu mmoja aitwaye Saleh bin Haramil. Alichofanya Said ni kuzisukuma, akawabana wenye mashamba wapande mikarafuu kwa wingi kiasi kwamba kufika katikati ya miaka ya 1800 Unguja ilikuwa imefunikwa.

Sasa mleta uzi, mama wa Kirumba kakwambia ukweli kwenye jambo kubwa. Ule upepo ulipiga Unguja, theluthi mbili hivi ya mikarafuu na minazi ikaenda chini. Bandarini majahazi yaligongana yakapasuka, meli za Sultani zikaisha. Sisemi ziliharibika, nasema ZILIISHA, Barghash akabaki hana jeshi la majini. Baadaye akaagiza meli mpya Uskochi kwa William Denny wa Dumbarton, ikaitwa Glasgow, ikafika Zanzibar 1878. Na hiyo Glasgow ndo ile iliyozamishwa na Waingereza Agosti 1896 kwenye vita vile vya dakika thelathini na kitu. Kwa hiyo unaona mstari: upepo wa 1872 unazaa meli, meli inakufa 1896. Mimi nikiwafundisha wanafunzi huwa naanzia hapo, wanaamka wote.

Pemba iko kaskazini ya Unguja, kilomita hamsini hivi, na haikuumia kwa kiasi kile. Hapo mama yuko sahihi.

Mwana wa Igombe
Wabeja sana mwalimu. Yaani siku moja tu?

Mwalimu wa Nansio
Siku moja. Na mkarafuu ukiupanda leo unasubiri miaka sita saba ndo uanze kuchuma, na mpaka uzae vizuri ni mingi zaidi. Piga hesabu ya mwenye shamba aliyeamka tarehe 16 Aprili.

Mpemba wa Mabatini
Assalaam alaykum. Mie Mpemba, nimeozea hapa Mabatini na duka langu, na huyo mama wa Kirumba namjua, ni mtu wetu wa Wete, namheshimu. Lakini hapa lazima niseme, kwa sababu hii hadithi kila mtu anaisimulia hivyo na inatudhulumu sisi Wapemba. Kwamba karafuu tumepewa na upepo! Kama vile tulikaa tu tukaokota.

Yakhe, Pemba mikarafuu ilikuwepo kabla ya 1872. Udongo wetu, vilima vile na mabonde yake, mvua yetu, vyote vinaupenda mkarafuu kuliko Unguja, ambako nusu ya kisiwa upande wa mashariki ni mawe matupu ya matumbawe. Hata upepo usingekuja kule, mie nasema karafuu zingehamia Pemba zenyewe, labda kwa kuchelewa. Babu yangu mzaa mama alikuwa na mikarafuu themanini na moja, anaijua mmoja mmoja kama watoto, kuna mmoja alikuwa anauita Bi Kizee kwa sababu hauzai lakini hautaki kufa. Huyo mtu hakupewa na upepo, alipanda na mikono yake na baba yake kabla yake.

Kaka Pansiansi
Mpemba kakasirika, leo bei ya karafuu inapanda Mabatini.

Mpemba wa Mabatini
Sijakasirika ami. Njoo dukani nikuuzie kwa bei ile ile, lakini utasikiliza kwanza.

Mwalimu wa Nansio
Mpemba, hoja yako ya udongo siipingi. Ila jiulize kwa nini kabla ya 1872 wenye mashamba wakubwa wote walikuwa Unguja na Pemba ilikuwa ya pili, halafu ndani ya miaka kumi baada ya upepo mambo yakageuka juu chini. Udongo haukubadilika siku ile.

Mpemba wa Mabatini
Bei ilibadilika. Kabla ya upepo karafuu zilikuwa zimejaa sokoni bei imelala, Unguja walipanda kupita kiasi. Upepo ukapunguza karafuu, bei ikapanda, aliyekuwa na mti uliosimama akapata pesa na moyo wa kupanda zaidi. Waliosimama ni sisi. Na wa Unguja wengi walikuwa na madeni kwa Wahindi kabla hata ya upepo, shamba liko rehani, mti ukianguka unapanda tena kwa pesa ya nani? Kwa hiyo mie nasema ni deni. Upepo umesukuma tu mlango uliokuwa umeoza.

Mama Kayabo
Mimi najua biashara ya samaki tu lakini hilo la deni nimelielewa mpaka kwenye mifupa. 2020 ziwa lilivyojaa likala mialo, mimi nilikuwa na vichanja vyangu vya kukaushia dagaa karibu na maji, vikaenda vyote. Mwenzangu jirani vilienda vilevile. Yeye hakuwa na mkopo, baada ya miezi mitatu amesimama. Mimi nilikuwa na mkopo kwenye taasisi moja ya kifedha, nilihangaika miaka miwili na mpaka kesho sijarudi nilipokuwa. Maji yalikuwa yale yale. Kwa hiyo Mpemba nakuunga mkono.

Mpemba wa Mabatini
Pole sana dada. Hapo ndo naposema.

Mwana wa Igombe
Pole mama. Mimi nilijua ni maji tu yaliyowapiga.

Nyamwezi wa Tabora
Wakuu mmesahau bara. Huu upepo haukuishia Unguja. Bagamoyo ilipigwa, ile misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu ambayo ilikuwa na miaka minne tu tangu ianze majengo yake yalibomoka. Halafu mvua yake ikaingia ndani mpaka Morogoro ya leo, enzi hizo kuna mji unaitwa Simbamwene una ukuta mkubwa wa kuzunguka, mto Ngerengere ukafura ukabeba sehemu ya ukuta na nyumba nyingi. Stanley alipita hapo akirudi pwani kutoka Ujiji alikomkuta Livingstone, akakuta hayo mafuriko njiani, na mwanzoni mwa Mei ndo akafika Bagamoyo na Zanzibar.

Kwetu kuna hadithi kwamba mmoja wa wazee wetu alikuwa mpagazi, alikuwa pwani ule mwaka akisubiri msafara wa kurudi, na aliporudi Unyanyembe akawaambia watu ameona bahari imekuja kukaa barabarani. Babu alikuwa anaisimulia hivyo, "bahari imekuja kukaa barabarani", na sisi watoto tunacheka. Sasa nikiangalia miaka naona inawezekana kabisa.

Mzee wa Capri Point
Wanangu nimewasoma wote. Nimefanya kazi melini miaka mingi, baharini kwanza na baadaye ziwani, kuna jambo moja mmelipita. Tarehe. Aprili.

Majahazi ya kutoka Arabuni na India yanakuja Zanzibar na kaskazi, kuanzia Novemba Desemba mpaka Machi. Yanarudi na kusi, na kusi inaanza kushika Aprili. Kwa hiyo katikati ya Aprili bandari imejaa, watu wameshafanya biashara, wamepakia au wanapakia, wanangoja upepo ugeuke waondoke. Ungetaka kuchagua siku ya kuvunja vyombo vingi usingepata nzuri kuliko hiyo. Kingekuja Agosti kisingekuta hata nusu yake. Mimi nadhani hasara kubwa ya ule mwaka ilitokana na kalenda kuliko nguvu ya upepo.

Kaka Pansiansi
Shikamoo mzee. Hii hatukuipata shuleni.

Mzee wa Capri Point
Marahaba mwanangu.

Binti wa Mawingu
Nimesomea mambo ya hali ya hewa, naomba niingie kwenye maswali ya pili na ya tatu maana naona kila mtu yuko kwenye karafuu.

Mleta uzi umesema Zanzibar imepigwa mara hiyo moja tu. Kwa Unguja kwa kiwango kile, ndiyo, ni huo unaojulikana. Lakini pwani yetu siyo mara moja. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, mji ukaharibika vibaya na watu wakafa. Aprili 2019 Kenneth kilipiga Ngazidja kule Komoro halafu kikashuka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Mtwara walikuwa wameshahamishwa kwenye maeneo ya hatari, kikawapita jirani kabisa. Aprili 2021 Jobo kilikuwa kinakuja Dar kikafa njiani. Mei 2024 Hidaya kilifika karibu na Mafia, boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa, mvua na upepo vikaleta uharibifu ila kilikuwa kimeshapungua nguvu. Mkitazama vizuri ni Aprili Aprili Aprili Mei.

Kwa nini vichache? Kimbunga kinataka bahari yenye joto, nyuzi 26 27 kwenda juu, na kinataka mzunguko wa dunia ukipindishe. Upepo unakimbilia penye mgandamizo mdogo wa hewa, dunia inaupinda, haufiki moja kwa moja unabaki unazunguka, huku kusini mwa ikweta unazunguka kama mshale wa saa. Sasa ule mpindo una nguvu ukiwa mbali na ikweta, ukikaribia ikweta unakufa. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini, Pemba 5. Pale ndo ukingoni kabisa. Ongeza Madagaska iliyolala kama boma, vingi vinaishia kule au vinageukia Msumbiji. Kwa hiyo cha 1872 kilifanya kitu kigumu sana, kilitembea ukingoni mwa pale ambapo kimbunga kinaweza kuishi. Na ndo maelezo yangu ya kwa nini Pemba ilipona, ilikuwa upande wa kule ambako kimbunga hakipendi kwenda, na upepo mkali wa kimbunga unakuwa karibu na jicho, ukitoka kilomita hamsini sitini hali inabadilika sana.

Mwana wa Igombe
Jicho ndo nini dada?

Binti wa Mawingu
Katikati yake. Upepo unapiga masaa, ghafla kimya, hata jua linaweza kuonekana, watu wanatoka nje kuangalia mapaa yao. Halafu upepo unarudi kutoka upande wa pili, na mti uliokuwa umeinama huku unasukumwa kule. Mkarafuu matawi yake ni mepesi kuvunjika, hata wachumaji wanajua, haustahimili hiyo.

Mpemba wa Mabatini
Kweli kabisa, tawi la mkarafuu usiliamini. Mjomba wangu ana mguu mmoja mfupi kwa sababu hiyo.

Mtumishi wa Buswelu
Mimi naona mnazunguka. Unguja mwaka ule ndo lilikuwa soko kubwa la watumwa pwani yote hii. Watu wetu wa bara, Wanyamwezi, Wayao, Wamanyema, waliuzwa pale Mkunazini kama mbuzi. Mungu akapiga, na mwaka uliofuata tu, tarehe 5 Juni 1873, Sultani akasaini soko likafungwa, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale. Mwenye macho aone.

Nyamwezi wa Tabora
Mtumishi nakuheshimu lakini hapa nina maumivu. Mashambani kule waliokuwa wanalala kwenye vibanda vya makuti ni akina nani? Ni hao hao watumwa. Mwenye shamba alikuwa kwenye nyumba ya mawe mjini. Ukiniambia upepo ulikuja kuwaadhibu wauzaji, nitakuuliza miti iliwaangukia nani kwanza.

Mtumishi wa Buswelu
Nyamwezi hoja yako nimeipokea, sina jibu la haraka. Nitarudi.

Mpemba wa Mabatini
Sisi tunasema kadari, haina haja ya kutafuta nani kakosa. Tuombeane tu.

Mwalimu wa Nansio
Na Mtumishi, hata historia yenyewe ilikwenda kinyume na unavyosema. Mwanzoni mwa 1873 Waingereza walimtuma Bartle Frere amshawishi Barghash afunge biashara. Barghash alikataa, na moja ya sababu alizotoa ni UPEPO, kwamba watu wake wameharibikiwa mashamba, wakiondolewa na watumwa watakufa kabisa. Kwa hiyo upepo ulimpa sababu ya kukataa. Kilichomfanya asaini ni John Kirk, mwakilishi wa Uingereza pale Zanzibar, na vitisho vya manowari kuzuia bandari yake.

Halafu baada ya mkataba ndo Pemba ikahitaji watu wengi zaidi wa kupanda na kuchuma, watumwa wakawa wanavushwa usiku kwa majahazi kwenda Pemba, mpaka Waingereza wakaleta meli kubwa HMS London ikakaa Zanzibar tangu 1874 kazi yake kuvizia hayo majahazi. Mpemba, hii ni sehemu ya karafuu zenu pia, nasema kwa heshima.

Mpemba wa Mabatini
Siikatai. Kuna makaburi katika mashamba yetu hayana majina. Bibi alikuwa akipita anasimama anasoma fatiha, hasemi ya nani.

Dagaa Kavu
Kwa hiyo utumwa Zanzibar uliisha 1873.

Mwalimu wa Nansio
Hapana Dagaa Kavu. 1873 ni soko na usafirishaji kwa bahari. Utumwa wenyewe kisheria ulifutwa 1897.

Dagaa Kavu
Leo kila nikifungua mdomo nasahihishwa ila naondoka na kitu. Swali langu, kama Barghash alifilisika na upepo, lile jumba lake la Beit al-Ajaib la 1883 kajenga na pesa gani? Na mabomba ya maji mjini?

Mwalimu wa Nansio
Swali zuri kuliko yote uliyoandika. Pembe za ndovu za bara, ushuru wa forodha, na karafuu za Pemba hizo hizo.

Mzee wa Capri Point
Na meli za moshi. Mwaka ule ule wa 1872 Waingereza walianzisha meli za barua za kufika Zanzibar, na Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa 1869. Mimi ningesema hizo zilibadilisha Zanzibar kuliko upepo. Vyombo vya Sultani vya matanga vingekufa tu hata bila dhoruba, ila taratibu.

Mpemba wa Mabatini
Sasa tuna udongo, deni, kalenda, ikweta, Mungu, na meli za moshi. Mleta uzi chagua.

Mwana wa Igombe
Nachukua vyote nampelekea mama Kirumba 😂 Ila swali la tatu bado. Ziwa letu?

Sungusungu wa Magu
Kwanza tuelewane maneno. Kwetu Magu kimbunga ni kile kiupepo cha Agosti kinachonyanyua vumbi na mifuko uwanjani. Mnavyosema kimbunga kimeng'oa kisiwa kizima mimi naona kile cha vumbi, siogopi.

Binti wa Mawingu
Hahaha. Kile ni kisulisuli, kinaishi dakika chache. Kimbunga cha baharini kinaishi siku nyingi na upana wake ni kilomita mamia. Wengine wanaita tufani. Kukiita vyote jina moja kunasumbua, redioni wakitangaza "kimbunga kinakuja" kuna mtu anafikiria vumbi la uwanja wa shule.

Na jibu la ziwa: kimbunga kama kile hakiwezi kuzaliwa ziwani. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, ule mpindo hakuna. Na ziwa ni kubwa kwetu, kilomita za mraba elfu 68 na zaidi, ila kwa kimbunga ni dogo, kinataka bahari ya kutembea siku kadhaa. Cha baharini nacho kikiingia nchi kavu kinakata pumzi, mpaka kifike huku kimebaki mawingu.

Ila msifurahi mapema. Vimbunga vya kule vinaamua mvua zetu. Kikikaa Msumbiji kinaweza kuvuta unyevu wote huku pakakauka, Machi 2019 Idai kilipopiga Beira masika Afrika Mashariki yalichelewa. Kikikaa sehemu nyingine kinavuta upepo wa magharibi kutoka misitu ya Kongo unapita juu yetu na mvua. Mkulima wa Misungwi anaweza kukosa pamba kwa sababu ya kitu kilichoko Madagaska.

Mvuvi wa Kayenze
Dada yuko sahihi lakini nataka aseme na ule upepo wetu wa usiku. Maana unatumaliza huo, hatuhitaji cha Zanzibar. Mimi ni mvuvi wa dagaa, tunaingia giza la mwezi na taa, tunatoka saa kumi na mbili jioni ziwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria, saa nane usiku unasikia ubaridi shingoni, ukigeuka nyuma nyota upande mmoja hazipo. Hapo una dakika ngapi? Unakata kamba, unaacha taa, unaelekeza pua ya mtumbwi kwenye wimbi unaomba. 2016 tulikuwa mitumbwi minne tukarudi mitatu. Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa kwenye huo wa nne. Hakuna mwaka unaitwa jina lake, hakuna kitabu.

Mama Kayabo
Pole sana kaka yangu.

Mwana wa Igombe
Pole mkuu. Mungu amrehemu.

Binti wa Mawingu
Pole sana. Na sababu ya usiku ni hii. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu yanajikusanya juu ya vilima. Usiku inageuka. Nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote, Mwanza, Bukoba, Musoma, Kenya, Uganda, unakutana katikati ya ziwa, hauna pa kwenda isipokuwa juu, ndo mvua na radi na ule upepo wa ghafla unaoshuka. Kwa hiyo ziwa linatengeneza dhoruba zake lenyewe usiku, wakati ule ule wavuvi wa dagaa wako ndani. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa utabiri wa ziwa, naomba muufuatilie.

Mvuvi wa Kayenze
Utabiri tunausikia. Shida unasema "Ziwa Victoria upepo mkali", ziwa hili lote. Mimi niko Kayenze. Nisipoingia kila siku waliyosema hivyo watoto wanakula nini? Sisemi wanakosea. Nasema ni vigumu.

Dagaa Kavu
Hata MV Bukoba ilikuwa upepo.

Mzee wa Capri Point
Hapana mwanangu, hiyo usiiandike hivyo, kuna watu humu wana marehemu wao. MV Bukoba 21 Mei 1996 ilizama kwa kuzidisha watu na mizigo, chombo chenyewe mizani yake haikuwa sawa. Ilikuwa asubuhi, karibu kabisa na kufika Mwanza. Upepo tusiusingizie kazi ya binadamu.

Dagaa Kavu
Nimekosa mzee, samahani kwa wote.

Sungusungu wa Magu
Wazee wetu wanasimulia mvua ya Uhuru, 1961 kuendelea mpaka 64, ziwa lilipanda mita mbili na zaidi, mashamba ya mpunga yakawa ziwa moja kwa moja. Baba anasema kuna mti wa mwembe waliokuwa wanaupanda kwa mtumbwi. Na yenyewe ilikuwa kimbunga cha baharini?

Binti wa Mawingu
Ile ni mvua iliyozidi kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida. Siyo kimbunga, lakini bahari ile ile. Na kuna wanaosema joto hilohilo ndo litafanya vimbunga vifike kwetu mara nyingi zaidi, wakitazama Kenneth, Jobo na Hidaya ndani ya miaka mitano. Wengine wanasema kipindi ni kifupi mno kuhukumu, tuna 1872, tuna 1952, huwezi kuchora mstari kwa nukta mbili tatu. Mimi binafsi naogopa.

Mwana wa Igombe
Wakuu mrejesho. Nimeenda Kirumba leo na simu yangu nikamsomea mama komenti zote, wateja wakawa wanasubiri. Hoja ya udongo ya Mpemba wa Mabatini kasema "huyo mtoto wa Mabatini kasema kweli lakini ajue na baba yake alikuwa anasema kama mimi". Ya makaburi yasiyo na majina kanyamaza kidogo, akafunga mfuko akafungua tena. Halafu akaniuliza yule mvuvi wa Kayenze anaitwa nani nikamwambia sijui jina lake, ni wa mtandaoni, akasema nimwambie amemsikia.

Pilau lilitoka vizuri.

Mpemba wa Mabatini
Kweli baba alikuwa anasema hivyo hivyo. Mwambie nakuja Ijumaa kumsalimia.

Kaka Pansiansi
Karafuu ulitia ngapi? Mke wangu anatia nyingi mpaka ulimi unalala.

Mama Kayabo
Kilo moja ya mchele, sita saba zinatosha, nzima, usisage.

Mwana wa Igombe
Mvuvi wa Kayenze, ujumbe wa mama umeuona? Naona giza la mwezi limeanza, mnaingia leo?

Mvuvi wa Kayenze
Nimeuona, mshukuru sana. Ndo tunasukuma sasa hivi.

Binti wa Mawingu
Leo kuna mawingu makubwa upande wa magharibi. Msiende mbali.

Mwana wa Igombe
Mvuvi?

Mwana wa Igombe
Mkuu Kayenze, saa mbili asubuhi hii, tupe neno.

Mvuvi wa Kayenze
Tumerudi. Saa nane na nusu uliwaka kweli, tukajibanza nyuma ya kisiwa cha Bezi mpaka kumekucha. Taa mbili zimeenda, watu wote wapo.